Siku Nne Chini ya Majani

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, Boni wewe kaa upande wa dirisha nikuone uso, Dafroza panda hapa miguuni lakini usiegemee tumbo, linauma, na wewe Getruda rafiki yangu kalia hicho kinu na daftari lako uandike kila nitakalosema, hata nikikosea andika hivyo hivyo, maana watoto hawa leo watasikia nusu na nusu wataililia, nami nataka wakishakua waisome yote. Nina haraka. Daktari kule Musoma hakunificha, alisema ni kichocho, haya maji ya ziwa niliyoogelea tangu utoto yamenila ini, na damu niliyotapika juzi ikija tena yeye hana la kusema. Na mimi naogopa. Nimesikiaga wazee wakiaga wanasema hawaogopi kitu, lakini mimi nina miaka thelathini tu na naogopa, si kaburi, kaburi ni shimo tu, naogopa kufika huko na kitu hiki bado kiko mgongoni.

Nikiseme kwanza pumzi ingalipo, maelezo yatafuata. Bibi yenu Wegesa hakumloga Boni. Miguu ya Boni niliiharibu mimi, kwa muhogo, kwa mikono hii, na nilijua, nikanyamaza, akafukuzwa yeye. Getruda, umeandika? Weka na jina langu, mimi Hyasinta, mjane wa Alfonce Magesa.

Shemeji Bernado, usitoke. Nakuona hapo mlangoni, nilikuita makusudi, wewe ni baba mkubwa wa watoto hawa, na wewe na Alfonce mlizaliwa baba mmoja ingawa mama mbalimbali, na wewe ndiye uliyesimamia yale ya kumtoa Mama Wegesa hapa nyumbani. Unasema nini? Homa inanisemesha? Nilijua utasema hivyo. Kaa, shemeji, kaa hapo kizingitini, nitafika kwako.

Boni, mwaka wa themanini na tano ulikuwa na miaka mitano, Dafroza alikuwa ananyonya. Mvua ilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, mtama ukaliwa na ndege, na kilichobaki ardhini ni muhogo, tena ule mchungu, ule unaostahimili jua. Baba yenu alikuwa Bunda, kwenye kinu cha pamba, amepanga chumba kule Kabasa, mshahara unakuja mwezi huu, miezi miwili hauji. Samaki nao, mtashangaa mimi kusema hivi na ziwa hili hapa mbele yetu, lakini nyavu zilikuwa zimechanika na uzi wa kuzishonea haukuwepo Mugango nzima, haukuwepo wala Musoma, kama sabuni isivyokuwepo, na wale furu wadogo tuliokuwaga tunawavua kwa chandarua walikuwa wameanza kwisha, sangara amewala. Tulikula ugali wa muhogo na mlenda. Kesho yake ugali na mlenda. Ndicho kilichokuwepo.

Mimi nilikuja katika nyumba hii nimetoka sekondari, nina cheti cha kidato cha nne, najua kumpasua chura na kutaja kila kiungo chake, lakini muhogo sikuujua, na aliyenifundisha ni bibi yenu. Unaumenya, unaupanga kivulini, unaufunika kwa majani ya mgomba na gunia juu yake, unauacha siku nne. Ukifunua umeota ukungu, mweusi na wa njano, unanuka hata mbwa anahama. Unakwangua ule ukungu kwa kisu, unavunjavunja mabonge, unaanika juu ya mwamba mpaka ulie kama kigae. Huo ndio udaga. Alikuwaga ananiambia, "Mama Boni, muhogo huu una hasira. Uache ulale gizani hasira iutoke. Ukiuamsha mapema utakupiga." Nilikuwa naitikia, "Ndiyo, Mama," na moyoni nacheka. Muhogo una hasira! Mimi niliyesoma baiolojia.

Basi kaka yake bibi yenu akafa kule kwao Butiama, bibi akaenda msibani, na msiba ukamweka huko mwezi mzima. Aliniachia udaga wa wiki moja na akasema, "Huu ukiisha, fukia mwingine, na hata mtoto akilia namna gani, siku nne ni siku nne." Ukaisha kabla sijafukia mwingine, kwa uzembe wangu tu. Nikachimba, nikamenya, nikafunika asubuhi, na jioni Boni unalia njaa, Dafroza ananyonya titi halina kitu, nikasema mwenyewe, hivi siku nne ni za nini, ni mambo ya kizamani, kitu kikikauka kimekauka. Nikafunua. Nikaanika kesho yake juani siku moja, jioni nikatwanga, nikasonga. Mkala mkashiba. Na kwa kuwa hakufa mtu, nikafanya hivyo tena, na tena, wiki tatu. Shuleni mnaimbishwa haraka haina baraka, mnaimba mkicheka, mimi pia niliimba nikicheka.

Dalili nilizipata. Hapa ndipo penye dhambi, Getruda, andika vizuri hapa. Nilipata kizunguzungu mwenyewe baada ya kula. Boni ulitapika mara mbili. Siku moja ulisukuma sahani ukasema, "Mama, ugali huu unazunguka," na mimi nikakwambia, "Kula, ni njaa hiyo," nikakulisha kwa mkono wangu, tonge kwa tonge. Dafroza alipona kwa sababu ya titi langu tu, hili titi nililolilaumu kwamba halina kitu.

Bibi akarudi Jumamosi. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, ana karanga kwenye kanga, akakubeba mgongoni, akakupaka mafuta ya ufuta miguuni kwa sababu ngozi yako ilikuwa imepauka, anakuimbia. Jumapili asubuhi hukusimama. Nilikuinua ukaanguka, miguu imekakamaa kama michi, magoti yanagongana, na wala hukuwa unalia, ulikuwa unaniangalia mimi nifanye kitu.

Shemeji, wewe ndiye uliyekwenda kwa mganga. Sikulaumu, kila mtu alikuwa na hofu. Ukarudi na jibu kwamba ni mkono uliotoka msibani, na mkono uliotoka msibani ukamgusa mtoto kila mtu aliujua ni wa nani. Mkakaa kikao hapo uani. Alfonce alikuwa amepanda basi kutoka Bunda, amekuja na vumbi la pamba kichwani. Mkaniuliza, wewe mwenyewe shemeji uliniuliza, "Mke wa Alfonce, wewe umesoma, huwezi kusema ovyo, mtoto amekula nini?"

Nikasema, "Udaga wa siku nne, kama Mama alivyonifundisha."

Maneno hayo tu, wala sikumtaja kwa ubaya, na yakatosha kumtoa nyumbani kwake, maana chakula kikiwa salama kilichobaki ni uchawi.

Na yeye alijua, wanangu. Hilo ndilo linaloniua kuliko ini. Nyuma ya jiko pale tunapotupa ukungu tuliokwangua, siku zote pana rundo jeusi, na ile Jumamosi alipofika nilimwona amezunguka nyuma akasimama, anatazama, na pale palikuwa na maganda meupe tu. Kwa hiyo niliposema siku nne alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, hakuwa na hasira, alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyebeba mtungi mzito kuliko yeye, unaona kabisa ataudondosha. Akafungua mdomo. Nikajua sasa basi, nimekwisha. Akasema, "Mama Boni, mtoto ale samaki. Tafuta samaki hata kwa kuomba." Akaingia ndani akafunga nguo zake kwenye kanga ile ile ya karanga, akaenda zake kwao Butiama.

Wakati ule niliona ni bahati. Nilichukua miaka kuelewa. Angesema neno moja, Alfonce na hasira zake za siku ile angenirudisha kwetu na ng'ombe wake angewadai, nanyi ni watoto wa ukoo huu mngebaki, Boni huna miguu, Dafroza huna titi, hamna mama. Alipima, akaona heri aondoke yeye. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye wangu ulimlemea akijua unalemea, akauchukua bila kuguna. Na bibi yenu hajabatizwa, mnajua hilo, hajui Baba Yetu kwa Kiswahili wala kwa kikwetu, alikuwaga anasinzia katekista akija kufundisha. Mimi niliyekuwa nasoma masomo kanisani kila Jumapili, sauti inafika mpaka nje, nilisoma habari za yule aliyebeba dhambi zisizo zake, na kule nyuma ya jiko langu nilikuwa nimeyaona kwa macho nisiyatambue.

Nawaambia haya sio ili mnionee huruma. Nawaambia kwa sababu Mungu alinisemesha kwa vitu vya nyumbani kila siku nami nikawa kiziwi, nyie msiwe viziwi. Ile miaka ya kukosa sabuni tulifulia majani ya mpapai, na nguo ikiwa mbichi unaiona imetakata, ikikauka uchafu uko pale pale. Ndivyo yalivyokuwa machozi yangu kanisani. Sasa ni mwaka wa tisini na moja, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba inauzwa mpaka ufukweni, watu wanacheka tena, na mimi kila nikifua nguo nyeupe ya komunyo ya Boni nasikia kitu kinasema, na wewe je? Na muhogo, Dafroza mwanangu, utaumenya maisha yako yote, basi kila ukifunua gunia ukumbuke mama yako. Muhogo ukifunikwa siku zake sumu inautoka. Dhambi ukiifunika inaanza kutoa sumu. Mimi nilivikosea vyote viwili, cha kufunika nikafunua, cha kufunua nikafunika.

Mara tatu Mungu alinipa mlango. Mara ya kwanza kule hospitali, muuguzi aliuliza mlifukia siku ngapi, alikuwa ameona watoto wengine wa namna yako, Boni, na alijua anachouliza. Nikasema nne. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, yangu imekwenda miaka sita. Mara ya pili baba yenu alipokufa, lile lori la pamba lilipopinduka. Siku ya maziko bibi yenu alikuja. Nyie hamkumwona. Alisimama kule barabarani kwenye minyaa, ameshika viatu mkononi, kwa sababu aliambiwa asikanyage hapa, na alisimama mpaka kaburi la mwanawe likajaa. Mimi nilimwona. Nilitupa udongo wangu wa mke, nikaingia ndani, nikapewa uji, nikanywa. Alfonce amekwenda akiamini mama yake ni mchawi. Petro alimkana Bwana, jogoo akawika usiku ule ule akatoka akalia. Mimi majogoo ya miaka sita yamewika, nikageukia ukutani nikalala.

Mara ya tatu nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, akasema, "Mungu amekusamehe, lakini mwenzako umemwibia jina. Malipizi yako ni kwenda kumrudishia." Nikaenda, kweli. Nikafika Butiama sokoni, nikamwona amekaa chini kwenye gunia, amekonda, anachambua choroko, na watu wanamzunguka kwa mbali kama wanavyolizunguka shimo. Nikanunua chumvi, nikarudi. Mnakumbuka niliwaambia nilikwenda kwenye mkutano wa akina mama? Tangu hapo sijapokea komunyo, nilikuwa nawaambia tumbo linanisumbua, mpaka tumbo likaanza kusumbua kweli.

Nipe maji, Getruda. Kidogo tu. Yanakataa.

Sasa wewe, shemeji. Unasema ni homa. Haya, nikuulize. Ile wiki ya pili, Mama hayupo, ulipita hapa jioni ukitokea mnadani, nikakupa ugali na mlenda, ukamaliza sahani ukaongeza. Ukatoka nyuma ya banda la mbuzi ukatapika mpaka ukapiga magoti, kichwa kinakuuma, ukasema, "Hii pombe ya mnadani wameiharibu, shemeji, sinywi tena." Tulicheka. Kuna mtu mwingine anayejua hilo? Niliota kwa homa, au ulitapika? Pombe gani ile, shemeji, ulikuwa umekunywa chupa moja.

Umekaa chini. Asante. Usijifunike uso, hukujua, mimi ndiye niliyejua. Lakini usinyanyuke hapo na kusema yaishe kimya kimya ndani ya ukoo. Alifukuzwa mchana mbele ya watu, asafishwe mchana mbele ya watu. Uwaite wote waliokaa kikao kile, na wa jumuiya, na Getruda asome daftari hili mwanzo mpaka mwisho. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, nitakuwa nimeshapita.

Mali yangu si ya kugombea. Cherehani ni ya Dafroza, asiuziwe mtu hata kwa njaa. Mbuzi ni wa Boni, amalizie shule, maana atakula kwa kichwa chake na sio kwa miguu, na wale wanaokuita Kinyonga kwa mwendo wako, Boni, waache waite, ukiwashinda darasani watakosa pumzi ya kuita. Nyumba hii na shamba la ufukweni ni vya Mama Wegesa mpaka afe, alivipata kabla yangu, na watoto hawa ni wake. Asiwagawe mtu, huyu aende kwa shangazi, huyu aende Bunda, hapana. Wakae pamoja, kwa bibi yao.

Boni. Nasikia unavyopumua. Usiseme. Mtu akifa watu wanamsamehe haraka haraka ili walie vizuri, mimi sitaki huo. Ukasirike, una haki, ulikuwa mtoto unaruka kamba. Nilikulisha mwenyewe tonge kwa tonge. Ukasirike mpaka ukue, na ukikuta siku moja hasira imekutoka yenyewe, njoo hapo kaburini uniambie. Nitakuwa nangoja. Na kama haikutoka, njoo hivyo hivyo.

Shemeji, baiskeli yako ina upepo? Basi nenda wewe. Usitume mtu. Jua halijapanda, mchana utakuwa Butiama. Ulimtoa wewe, umrudishe wewe, useme kwa mdomo wako, halafu umbebe nyuma ya baiskeli na kama hawezi utembee naye. Akikataa kuja, msimlazimishe, mumpe siku zake. Na akifika mimi sipo… sikiliza vizuri hapa… msimwambie Hyasinta amekuomba msamaha. Mwambieni Hyasinta amesema kweli. Msamaha ni mali yake, asiombwe mbele ya maiti, mbele ya maiti nani ataweza kukataa?

Umeondoka? Amechukua kofia? Haya.

Getruda, naandika mimi au wewe… mkono wako uko wapi. Usiache. Bado kidogo.

Wanangu, sina la kuwabariki nalo, mikono yangu mmeshasikia ilichofanya, lakini mama ni mama, inamisheni vichwa. Mungu awatazame… awatazame kama bibi yenu alivyonitazama siku ile uani, akijua yote, na bado akifikiria mtakula nini. Nimetafuta nguvu nyingine ya kuwaombea, sijaiona. Hiyo inatosha. Ilinitosha mimi miaka sita na sikuistahili.

Dafroza, shuka… shuka polepole. Kawashe moto, uinjike maji. Bibi akifika hatakaa, namjua, ataingia jikoni kwanza. Jirani watakuja kuchungulia. Watasimama pale waone mtafanyaje. Akipika… akiwawekea sahani… msiangaliane. Msinuse. Muombe, mnawe, mle hapo nje wanapowaona.

Boni… wewe ndiye uanze.